Je, Wajua? Ukilala Mji Mkongwe, umelala nyumba ya nani?

Je, wajua kwamba upana wa chumba chako cha hoteli Mji Mkongwe, Unguja, uliamuliwa na mkoko? Lala chali utazame juu. Boriti zimepangwa karibukaribu, nyingine zimenyooka, nyingine zimejipinda kidogo, na juu yake yamelazwa mawe yaliyoshikwa kwa chokaa. Boriti ya mkoko yenye nguvu ya kubeba dari haizidi sana mita tatu, kwa hiyo fundi wa zamani hakuwa na hiari: urefu wa chumba ulikwenda na mfuko wa mwenye nyumba, upana ulikwenda na mti. Ndiyo maana vyumba hivi ni virefu na vyembamba, hata katika nyumba za matajiri waliomiliki majahazi.

Wajua pia kwamba boriti hizohizo zilivuka bahari? Zilikatwa katika delta ya Rufiji na visiwa vya Lamu, zikapakiwa majahazini, zikaenda kubeba dari za Oman, Kuwait na Ghuba nzima, ambako miti ya kujengea ni adimu. Mgeni kutoka Maskati akilala mtaa wa Shangani, Mji Mkongwe, huenda yuko chini ya dari ya aina ileile aliyoizoea babu yake.

Je, wajua kwamba ukuta wa nyumba ya Mji Mkongwe unapumua? Umejengwa kwa mawe ya matumbawe, ukashikanishwa kwa udongo mwekundu, mchanga na chokaa, na unene wake ni kama nusu mita, mara nyingi zaidi. Mawe yana vitundu, chokaa nayo ina vitundu, na unyevunyevu wa bahari na wa ardhini huingia na kutoka. Chokaa yenyewe ilikuwa kazi ya kusubiri. Mawe yalipangwa juu ya magogo ya mnazi yakachomwa, kisha chokaa ikazimwa kwa maji na kuachwa muda mrefu kabla ya kutumiwa. Sakafu za juu na paa zilipondwa kwa marungu, watu wengi kwa pamoja, nyimbo zikiimbwa ili mapigo yaende sawa mpaka chokaa ishikane.

Halafu ikaja saruji, na saruji imeziumiza nyumba hizi kuliko umri. Lipu ya saruji ikipigwa juu ya ukuta wa chokaa, maji hufungiwa ndani. Chumvi husukuma rangi hadi ibanduke magamba, na unyevu hupanda mpaka kwenye ncha za boriti zilizozikwa ukutani. Boriti huoza palepale pasipoonekana, na siku ikikatika hushuka na sakafu yote ya juu. Kwa hiyo ukiingia chumbani ukakuta ukuta mweupe usio laini sana, wenye mawimbimawimbi, furahi. Ukiona kiraka kigumu cha kijivu chini ya dirisha, rangi imevimba pembezoni mwake, ujue hapo ndipo nyumba inapoumwa.

Je, wajua kwamba mtaa wote huu ni urithi wa dunia tangu mwaka 2000? UNESCO iliuorodhesha Mji Mkongwe mwaka huo, lakini kazi ilianza zamani. Mamlaka ya kuuhifadhi iliundwa 1985, baada ya uchunguzi wa miaka ya themanini kuonyesha kwamba nyumba nyingi, kati ya majengo yapatayo 1,700, zilikuwa zikichakaa vibaya. Ukarabati wa kuzigeuza hoteli uliokoa kadhaa kati yake. Hilo liwekwe wazi kabla ya lawama nyingine zitakazofuata.

Sasa tuulizane: nyumba ya nani?

Je, wajua kwamba hoteli ya Emerson on Hurumzi ilikuwa nyumba ya Tharia Topan, tajiri wa Kihindi aliyesimamia forodha zama za Sultan Barghash? Tharia Topan alikuwa Ismailia, na jina lake limebaki katika mawe kuliko katika vitabu vya shule. Ni yeye pia aliyeanzisha ujenzi wa zahanati ile yenye roshani za mbao zilizonakshiwa, mkabala na bandari, inayoitwa hadi leo Zahanati ya Kale. Alifariki 1891, hakuiona ikimalizika. Na baada ya amri ya kukomesha utumwa ya 1897, husimuliwa kwamba ni katika nyumba yake ya Hurumzi ambapo Waingereza walilipa fidia. Waliolipwa walikuwa mabwana. Watumwa hawakulipwa kitu. Mgeni anayepanda ngazi zile kwenda kula chakula cha jioni juu ya paa anapaswa kulijua hilo.

Je, wajua kwamba Tembo House, pale ufukweni Forodhani, inatajwa kuwa ilikuwa ubalozi mdogo wa Marekani? Marekani ilifunga mkataba wa biashara na Sultani Sayyid Said mwaka 1833, na balozi mdogo wa kwanza, Richard Waters, mfanyabiashara wa Salem huko Massachusetts, akafika 1837. Walichotaka ni pembe za ndovu na sandarusi. Walicholeta ni vitambaa vya pamba, ambavyo vilifika bara mpaka maziwa makuu. Baadaye nyumba ikawa ya kampuni ya Cowasjee Dinshaw, Waparsi wenye makao yao Aden.

Waparsi hao walikuwa wachache Unguja, lakini wajua mmoja wao alikuwa nani? Farrokh Bulsara, aliyezaliwa hapa tarehe 5 Septemba 1946, baba yake akiwa mtunza fedha wa serikali ya kikoloni. Dunia ilimjua kwa jina la Freddie Mercury. Familia iliondoka 1964. Leo mtaa wa Kenyatta una makumbusho yake, na watalii hupanga foleni ya picha mlangoni.

Je, wajua kwamba Africa House ilianza 1888 kama klabu ya Waingereza? Leo yeyote anaweza kukaa kwenye baraza yake ya juu kutazama jua likitua. Nyuma yake tu, hatua chache, ipo nyumba ya Hamed bin Muhammed el Murjebi, yaani Tippu Tip, aliyefariki Unguja 1905. Mlango wake wa nakshi ni wa kutazamwa kwa muda. Misafara yake ya pembe na watumwa ilifika Maniema, na njia hizo ni mojawapo ya sababu za Kiswahili kusemwa mashariki ya Kongo leo. Tawasifu yake, aliyoiandika kwa Kiswahili, ni kati ya za mwanzo kabisa katika lugha hii. Mtu mwenye damu nyingi mikononi alituachia nathari nzuri. Yote mawili ni kweli, na sioni sababu ya kuficha moja kwa ajili ya jingine.

Je, wajua kwamba nyumba mbili tofauti zimeungana kuwa hoteli moja katika kiwanja cha Kelele? Serena ilifunguliwa 1997, baada ya ukarabati uliofanywa chini ya Taasisi ya Utamaduni ya Aga Khan. Nyumba moja ilikuwa ya mawasiliano ya nje, enzi ambazo habari zilipita katika waya uliozamishwa baharini. Waya huo kutoka Aden ulifika Zanzibar 1879, na tangu hapo bei ya karafuu ya London ikawa inajulikana Unguja siku hiyohiyo. Nyumba ya pili ilijulikana kama Nyumba ya Madaktari wa Kichina. Kiwanja chenyewe husimuliwa kuwa watu waliuzwa hapo kabla ya soko kuhamia Mkunazini.

Na jirani yake, Mambo Msiige? Ilijengwa katikati ya karne ya 19 na Salim bin Bushiri al-Harthi, na simulizi za mjini zinadai mayai mengi yalichanganywa na chokaa ili kuta ziwe imara. Ikawa ya wamisionari, ikawa ubalozi wa Uingereza, ikawa ofisi za serikali, na tangu 2015 ni sehemu ya hoteli ya kifahari. Jengo jipya lililoinuliwa ubavuni mwake liliwatia wasiwasi watu wa Kamati ya Urithi wa Dunia, na wasiwasi huo ulikuwa wa haki. Kuikarabati nyumba ya kale ni jambo jema. Kuiwekea jirani mkubwa anayeizidi ni jambo jingine.

Je, wajua namna ya kujua asili ya nyumba kabla hujavuka kizingiti? Simama mtaani utazame mbele yake. Nyumba ya Kiomani imejifunga: ukuta mtupu, madirisha machache, na maisha yote yameelekea uwanja wa ndani. Nyumba ya Kihindi imejifungua: duka liko chini, familia juu, na roshani ya mbao inaning'inia juu ya njia ili watu waone na waonekane. Hoteli iliyoko katika nyumba ya Kiomani itakupa ukimya na ua. Iliyoko katika nyumba ya Kihindi itakupa mtaa mzima dirishani, kelele zake na harufu ya kahawa. Mimi ningechagua ya pili kwa usiku wa kwanza.

Mlango nao husema. Uliozoeleka kwa Waomani una kizingiti cha juu kilichonyooka, chenye nakshi nzito na mara nyingi aya za Kurani. Ule wa Kigujarati umegawanywa katika vipande vidogovidogo vya mraba, na hukunjika. Misumari mikubwa ya shaba ilitoka India, ambako inasemwa iliwekwa kuzuia ndovu. Unguja hapakuwa na ndovu wa kuvunja milango, ikabaki pambo na alama ya uwezo. Tafuta mfaa, ule mti wa katikati unaofunika mwanya wa mbao mbili: hapo ndipo fundi alipomwaga ustadi wake. Mawimbi yamechongwa chini, samaki karibu yake, na mnyororo mara nyingi huzunguka pembezoni.

Je, wajua kwamba kitanda kirefu cha samadari hakikuwa kirefu kwa maringo tu? Uvungu wake ulikuwa ghala: masanduku, mikeka na vyombo vyote vilikaa chini yake. Baadhi ya hoteli huweka kigoda kando ili mgeni aweze kupanda.

Je, wajua kwamba wanawake wa Mji Mkongwe waliweza kutembeleana bila kukanyaga njia? Nyumba za jamaa ziliunganishwa juu kwa juu kwa wikio, daraja lililofunikwa linalovuka kichochoro kutoka ghorofa hadi ghorofa. Majumba ya kifalme ya ufukweni nayo yaliunganishwa hivyo. Na paa zamani zilikuwa bapa, kabla hazijafunikwa bati. Bibi Salme, binti wa Sayyid Said, aliyetoroka Unguja 1866 na mwaka 1886 akachapisha kumbukumbu zake kwa Kijerumani, alifahamiana na Heinrich Ruete, mfanyabiashara wa Hamburg, wakiwa majirani wa paa kwa paa. Makumbusho yake yamo ndani ya Emerson on Hurumzi. Nenda hata kama hulali hapo.

Baraza je? Zile za mawe pande mbili za mlango ni za mazungumzo, bao, kahawa na mtoto kufanyia kazi ya shule. Mvua ya masika ikijaza vichochoro, baraza hugeuka njia ya kupitia: watu hukanyaga baraza hadi baraza, miguu mikavu.

Je, wajua kwamba begi lako halitaletwa na gari? Vichochoro vingi havipitishi gari. Mzigo huja kwa mkokoteni wa hamali, naye anaijua hoteli yako kuliko ramani ya simu. Patana naye bei kabla, msalimie kwa heshima yake, na umfuate bila kumharakisha. Anajua kona zipi ni kali.

Je, wajua utaamshwa na nini? Misikiti ya Mji Mkongwe inakaribia hamsini, na adhana ya alfajiri haianzi pamoja. Huanza Malindi labda, ikajibiwa Kiponda, ikafika Mkunazini. Malindi upo msikiti wenye mnara wa duara uliochongoka, aina adimu pwani yote hii. Baadaye asubuhi zitalia kengele za hekalu la Wahindu la Hurumzi, na Jumapili zile za Kanisa la Minara Miwili, lililojengwa na wamisionari wa Kifaransa kati ya 1893 na 1898. Wasunni, Waibadhi, Maithnaasheri, Mabohora, Maismailia, Wahindu, Wagoa Wakatoliki, Wangazija: wote wamejenga, wamesali na kuzika hapa, ndani ya eneo ambalo mtu mzima hulikatiza kwa miguu kwa nusu saa.

Kanisa la Kianglikana la Mkunazini lilisimamishwa mahali pa soko la watumwa. Barghash alitia saini mkataba wa kulifunga soko hilo tarehe 5 Juni 1873, na jiwe la msingi la kanisa likawekwa Krismasi ya mwaka huohuo. Askofu Edward Steere, aliyesimamia ujenzi wake na kuandika sarufi ya Kiswahili, amezikwa nyuma ya madhabahu.

Na wajua kwamba Kiswahili unachokisoma katika ukurasa huu kimesimama juu ya maneno ya vichochoro hivi? Mkutano wa Mombasa wa 1928 ulichagua Kiunguja kiwe msingi wa Kiswahili sanifu, na kamati ya kukisanifu ikaanza kazi 1930. Fungua dirisha usikilize mama na jirani yake wakibishana bei ya samaki. Abdulrazak Gurnah, aliyezaliwa Unguja 1948 na kupata Nobeli ya Fasihi 2021, alikua akiyasikia hayo.

Je, wajua kwamba palikuwa na treni mbele ya Ngome Kongwe? Reli ya kwenda Bububu, iliyojengwa na kampuni ya Kimarekani, ilianza 1905. Ilikuwa kama kilomita kumi na moja tu, ikapita katikati ya njia nyembamba, mabehewa karibu yaguse milango ya watu. Ilikoma kubeba abiria miaka ya ishirini.

Mwaka huohuo wa 1905 kilianzishwa chama cha taarabu cha Ikhwani Safaa. Na mwaka 1928 Siti binti Saad, mwana wa mfinyanzi wa Fumba, alipanda meli kwenda Bombay kurekodi santuri, akiwa na waimbaji na wapigaji wenzake. Muulize mwenyeji wako mazoezi ya taarabu ni lini, maana kukaa nyuma kimya na kusikiliza mazoezi kunashinda onyesho lolote lililopangwa kwa ajili ya watalii.

Je, wajua cha kula? Kifungua kinywa cha hoteli ni kizuri, lakini jioni toka. Urojo ni bakuli la mitaa yote hii: supu nyembamba ya njano yenye ukali wa embe mbichi au ukwaju, ndani yake viazi, bajia, kachori, vipande vya mshikaki, yai, na juu kabisa chipsi nyembamba za muhogo, chatne ya nazi na pilipili. Mwambie muuzaji aanze na pilipili kidogo. Kahawa chungu utaipata Jaws Corner, mahali pa wazee, dhumna na siasa. Wakati wa uchaguzi utajua hali ya nchi hapo kabla ya gazeti. Bustani ya Forodhani ilifanyiwa ukarabati na kufunguliwa upya 2009, na usiku moshi wa pweza na mishikaki huonekana toka mbali. Mwezi wa Ramadhani, mchana usile wala kunywa njiani, na wakati wa magharibi ukikaribishwa futari barazani, kaa ule. Mavazi ya ufukweni yabaki ufukweni. Hoteli kadhaa haziuzi pombe kabisa; uliza kabla ya kulipia.

Je, wajua kwamba nyumba nyingi za hapa ni wakfu? Mwenye nyumba wa zamani aliitoa ili kodi yake isaidie msikiti, maskini au kizazi chake, na leo zinasimamiwa na Kamisheni ya Wakfu na Mali ya Amana. Baada ya Mapinduzi ya 1964 nyumba nyingine zilichukuliwa na serikali zikagawiwa familia za mtaa wa Ng'ambo na za mashamba. Familia kadhaa ziliishi chini ya paa moja, kila moja na chumba chake kirefu chembamba, na kodi ndogo isiyotosha kununua hata chokaa. Hao ndio waliozifanya nyumba ziendelee kukaliwa. Nyumba inapogeuzwa hoteli, mara nyingi familia hizo ndizo zinazohama. Boriti inapona na baraza inabaki haina mtu.

Je, wajua inavyogharimu kuchelewa? Beit el Ajaib, yaani Jumba la Maajabu, iliyojengwa na Barghash 1883, ilikuwa ya kwanza mjini kuwa na umeme na lifti. Ilistahimili mizinga ya Waingereza ya Agosti 1896. Tarehe 25 Desemba 2020 sehemu ya mbele ilianguka ikiwa katika matengenezo, na watu wawili wakafa.

Kwa hiyo, kabla ya kulipia chumba, muulize mwenye hoteli mambo haya: nani aliijenga nyumba, nani aliishi hapa kabla haijawa hoteli na wamehamia wapi, chokaa mnaichoma au mnainunua wapi, fundi wenu ni nani na anamfundisha nani, na wangapi kati ya wafanyakazi wenu wanalala mtaa huuhuu? Mwenye hoteli anayeipenda nyumba yake atavuta kiti aanze kukueleza.